Bati si Bahati

Redio inayowaletea sauti yangu wakati huu ina bati ndani yake. Sisemi bati la kuezekea nyumba, maana lile ni chuma kilichopakwa zinki na jina tu limelikalia. Nasema bati lenyewe, metali laini yenye rangi ya fedha, inayoyeyuka kwa joto la nyuzi 232 za selsiasi, ambayo fundi wa redio huidondosha kwa ncha ya pasi yake ndogo ili waya ushikane na kifaa. Karibu nusu ya bati lote linalotumiwa duniani huishia katika lehemu ya namna hiyo. Bati lina jirani yake wa chini ya ardhi, tungsteni, ambayo mawe yake wachimbaji wengi huyaita wolframu. Tabia zao hazifanani hata kidogo. Tungsteni haiyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 3,422; ndiyo iliyokuwa uzi unaowaka katika globu za zamani, na ndiyo inayotiwa kwenye meno ya mashine za kuchoronga miamba. Hata hivyo metali hizi mbili hupatikana kando ya mwamba wa aina moja, graniti, ambao wengine huuita itale. Na sisi watu wa Maziwa Makuu tumekalia mmoja wa mikanda mikubwa ya ujirani huo: unaanzia Manono katika iliyokuwa Katanga, unapanda Maniema na Kivu, unapita Burundi na Rwanda, unagusa kusini magharibi mwa Uganda, na kuingia Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera.

Kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, ya mkanda huo wote neno linalotawala ni bahati. Fulani ana nyota, kaanza kuchimba juzi tu kaukuta mshipa. Mwenzake kamaliza mtaji na mwaka mzima hajaona punje. Kwamba riziki hutoka kwa Mungu, silibishi. Ninachotaka kuonyesha leo ni kwamba mwamba wenyewe hauna upendeleo. Bati na tungsteni hukusanyika mahali baada ya hatua kadhaa kufuatana, hatua zisizorukwa, na kila hatua huacha alama katika kemia ya graniti. Tena alama hiyo, tofauti na tunavyotarajia, haisomwi sana katika bati lililobaki ndani ya graniti. Husomwa katika vile vitu ambavyo graniti hiyo imepungukiwa. Mama wa bati hujulikana kwa upungufu wake. Nikifaulu kuwashawishi kwa hilo, tutaona pia kwa nini nchi zetu hupata hasara kila zinapotoa leseni kabla ya kuusoma mwamba.

Tuanze na hesabu, kwa sababu bila hesabu maajabu ya jambo hili hayaonekani. Chukua tani moja ya ganda la juu la dunia, popote pale, bila kuchagua. Humo mna bati la gramu 2 hivi, na tungsteni karibu kiasi hichohicho. Gramu 2 ni uzito wa punje sita au saba za mahindi. Lakini mgodi wa mwamba mgumu haulipi gharama zake mpaka tani moja itoe kilo kadhaa, tuseme 3 hadi 5. Kule Bisie, katika eneo la Walikale, Kivu Kaskazini, tani moja ya mwamba imekadiriwa kuwa na bati la kilo 40 hivi, na ndiyo sababu mgodi ule unahesabiwa miongoni mwa migodi ya bati yenye utajiri mkubwa kuliko yote duniani. Kutoka gramu 2 hadi kilo 5 ni kuzidisha mara 2,500. Kutoka gramu 2 hadi kilo 40 ni mara 20,000. Wala shida si uchache wa bati. Kilomita moja ya ujazo wa graniti yenye gramu 20 tu kwa tani imebeba tani 54,000 za bati. Bati lipo tele, ila limetawanyika kama chumvi ndani ya bahari, na mtu haendi baharini na jembe kuchimba chumvi. Kwa hiyo swali la kweli ni moja: nini kilicholikusanya?

Wengi hujibu kwa neno moja, graniti, na hapo ndipo kosa linapoanzia. Rwanda, Burundi na jirani zao zina vizazi viwili vikuu vya graniti. Kizazi cha kwanza kina umri wa miaka milioni 1,375 hivi, nacho kimetanda maeneo mapana. Cha pili ni kichanga kwa vipimo vya ardhi, miaka milioni 986 hivi, na hujitokeza juu ya ardhi sehemu chache, tena kwa vipande vidogo. Vizazi vyote viwili vilitokana kwa sehemu kubwa na kuyeyuka kwa mashapo ya kale, yaani matope na mchanga uliogeuka miamba. Lakini bati, wolframu na koltani ya mkanda huu huambatana na kizazi cha pili. Kama kuwa graniti kungetosha, kizazi cha kwanza, chenye eneo kubwa zaidi, kingetutajirisha mapema. Kama kuzaliwa na mashapo kungetosha, vilevile. Ushahidi huu unatulazimisha kuuliza historia ya mwamba: umezaliwa na nani, umelelewa vipi, na uliishia mikononi mwa nani.

Kuzaliwa kwanza. Mvua za zama za kale zilipoiozesha miamba ya nchi kavu, sodiamu, kalsiamu na strontiamu ziliyeyuka na kuchukuliwa na mito hadi baharini. Bati, tungsteni, potasiamu na rubidiamu zilielekea kubaki zimeng'ang'ania udongo wa mfinyanzi. Udongo huo ulipozikwa kilomita nyingi chini na kupashwa joto mpaka ukayeyuka, magma iliyotoka, yaani uji wa mwamba, ilirithi neema hiyo ndogo. Mwaka 1974 wanajiolojia Bruce Chappell na Allan White walionyesha, kwa graniti za kusini mashariki mwa Australia, kwamba kemia ya graniti hufichua wazazi wake: zipo zilizotokana na mashapo na zipo zilizotokana na miamba ya moto. Miaka mitatu baadaye Mjapani Shunso Ishihara akaongeza jambo lililowasaidia sana watafuta bati. Aligawa graniti kwa kigezo cha sumaku: zile zenye punje za magnetiti, zinazovutwa na sumaku, na zile zenye ilmenaiti, zisizovutwa ila kwa udhaifu mno. Bati huambatana na hizi za pili. Hii inatokana na hewa, au tuseme oksijeni, iliyokuwemo ndani ya magma. Penye oksijeni nyingi, atomu ya bati hubeba umbo linalokaribiana na la titani na la chuma kilichooksidika, ikapata kiti cha bure ndani ya magnetiti na madini mengine yanayoganda mapema. Ikakaa humo, ikatawanyika mwamba mzima, ikapotea. Penye oksijeni kidogo, kama ilivyo magma iliyozaliwa na matope yenye kaboni, atomu hiyo hunenepa, kiti kikawa hakiitoshi, ikabaki ikielea kwenye uji. Tungsteni haichagui sana katika jambo hili, na ndiyo sababu nchi nyingine zina tungsteni bila kuwa na bati la maana.

Malezi ndiyo hatua ya pili, na hapa naomba twende pwani kidogo. Anayevuna chumvi kwenye mabwawa ya Bagamoyo au Gongoni anajua kwamba maji ya bahari yakiachwa juani, chumvi huganda na kukaa chini, na juu yake hubaki maji machache mazito, machungu kupindukia. Uchungu huo ni magnesiamu na wenzake, waliokataliwa na fuwele za chumvi. Kadiri chumvi inavyozidi kuganda, ndivyo maji yanavyozidi kuwa machungu, ingawa hakuna aliyetia uchungu wowote. Magma ya graniti hupoa vivyo hivyo. Feldispa, kwatzi na ulanga mweusi huganda kidogo kidogo, na kila fuwele huchagua inachopenda. Feldispa hupenda strontiamu na bariamu, hivyo mbili hizo huisha upesi. Zirkoni huondoka na zirkoniamu. Bati, tungsteni, lithiamu, boroni, florini na rubidiamu hukataliwa au hupokewa shingo upande, zikarundikana kwenye uji unaozidi kupungua. Ikiwa fuwele hupokea sehemu moja tu ya kumi ya kiwango cha bati kilichomo kwenye uji, basi sehemu tisa kati ya kumi za uji zikishaganda, uji uliobaki huwa na bati karibu mara nane ya lile la mwanzo. Gramu 4 huwa 32. Wakati huohuo strontiamu, ambayo fuwele huipenda mara tatu kuliko uji unavyoweza kuishika, hushuka hadi sehemu moja ya mia.

Tazameni basi jinsi upungufu unavyosema kwa sauti kubwa kuliko wingi. Bati limepanda mara nane, lakini strontiamu imeporomoka mara mia. Ndiyo maana mtaalamu hagombanii gramu za bati. Anapima rubidiamu, anapima strontiamu, anagawa. Katika graniti ya kawaida uwiano huo huwa karibu na 1. Katika graniti iliyopitia malezi marefu hupita 10, na mara nyingine hupita 100. Vipo vipimo vingine vya aina hiyo. Zirkoniamu na hafniamu ni pacha ambao kwa kawaida hutembea kwa uwiano wa karibu 38 kwa 1. Uwiano huo ukishuka chini ya 25, jueni uji umechujwa sana. Niobiamu na tantalamu, ambazo sisi huzichimba pamoja kwa jina la koltani, huanzia 11 au 12 kwa 1, na zikishuka chini ya 5 ni ishara kwamba magma ilifika ukingoni, pale inapoanza kutema maji. Na lipo jambo linalowashangaza wengi: graniti iliyokwisha kutoa bati lake kwa maji huenda ikabaki na bati dogo kuliko jirani yake aliye tasa. Anayelihesabu bati peke yake atampita mama na kumkumbatia tasa. Anayeutazama upungufu hadanganyiki kirahisi, kwa sababu strontiamu iliyokwisha kuondoka hairudi.

Lakini gramu 32 bado si madini ya kuchimba. Kutoka hapo hadi kilo 5 kumebaki mara 150 na zaidi, na kuganda peke yake hakuwezi kutufikisha. Hatua ya tatu ni maji. Magma iliyokaribia kuisha haiwezi tena kuyashika maji yaliyomo, ikayatema yakiwa moto wa mamia ya nyuzi, yamejaa kloridi, na kloridi hulibeba bati kama mtumbwi unavyobeba abiria. Maji hayo hupanda kwenye nyufa za paa la graniti. Yakifika mahali yanapopoa na kukutana na mwamba mgeni, bati hushuka mtumbwini, hushikana na oksijeni na kuwa kasiteriti, lile jiwe jeusi au la kahawia ambalo zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni bati. Kushuka huko huzaa asidi, na asidi ikirundikana kasiteriti haigandi tena, mpaka kipatikane cha kuimeza. Kinachoimeza ni feldispa ya mwamba wa pembeni, ambayo kwa kufanya hivyo hugeuka kuwa ulanga mweupe. Mchimbaji wa Rutongo au Kyerwa anayeona utepe wa ulanga mweupe unaometa kando ya mshipa wa kwatzi anaona jambo hilohilo limeandikwa mwambani. Wengi wao wanaifuata alama hiyo kwa uzoefu, na uzoefu wao uko sahihi kikemia.

Hatua hii ya tatu ndiyo inayoeleza jambo ambalo huonekana kama bahati tupu. Kaskazini mwa Kigali, katika wilaya ya Rulindo, Rutongo hutoa bati na Nyakabingo hutoa tungsteni. Ukiangalia mwamba wa pembeni, utaona mantiki yake. Mishipa ya Rutongo imepita zaidi kwenye mawe magumu ya mchanga, yanayopasuka vizuri na kuacha nafasi. Mishipa ya Nyakabingo, kama ile ya Gifurwe na ile ya Nyamulilo upande wa Uganda, imepita kwenye miamba myeusi ya matope yenye kinywe. Tungsteni inayosafiri ndani ya maji haiwezi kutulia kama wolframu mpaka ipate chuma au manganizi ya kushikana nayo, na miamba ile myeusi ina chuma cha kutosha. Kwa maneno mengine, graniti humpa msafiri nauli, lakini kituo cha kushukia huamuliwa na mwenyeji.

Hapo ndipo linapokuja pingamizi la kwanza, nalo ni zito. Wapo wanajiolojia waliosema kwamba tungsteni ya mkanda huu haikutoka kwenye graniti kabisa. Ilikuwa tayari ndani ya matope meusi tangu yalipotua, na joto liliikusanya tu. Walitazama jinsi machimbo yalivyojipanga kufuata tabaka zilezile, wakaona ni ushahidi. Nauheshimu ushahidi huo, lakini haufiki wanapotaka ufike. Matabaka yale meusi yameenea mbali, na wolframu imekusanyika sehemu chache tu. Mishipa yenyewe huyakata matabaka, maana yake ilikuja baada ya matabaka kuwepo na kukunjwa. Na hata tukikubali kwamba sehemu fulani ya tungsteni ilichotwa njiani kutoka kwenye matope hayo, tumerudi kwenye ukoo uleule, kwa kuwa graniti yenyewe ilizaliwa na mashapo ya namna hiyo. Pingamizi hili linaongeza kiungo kwenye mnyororo, haliukati.

Pingamizi la pili husikika zaidi kwa wachimbaji wenyewe: mbona hapa tunapochimba hatuioni hiyo graniti? Ni kweli, katika machimbo mengi tajiri graniti mama haionekani juu ya ardhi. Jibu ni kwamba haitakiwi kuonekana. Maji yenye bati hupanda juu ya graniti, kwa hiyo madini hukaa paani na juu ya paa. Mahali ambapo mmomonyoko umekwisha kula paa na kuianika graniti kwa upana, bati lake lilikwisha kwenda na mito zamani. Nicolas Varlamoff, aliyeyachunguza maeneo haya katikati ya karne ya 20, alionyesha kwamba pegmatiti, ile miamba ya fuwele kubwa kubwa inayotoka kwenye graniti, hubadilika kwa mpangilio kadiri unavyoondoka kwenye graniti: karibu utakuta ulanga mweusi, mbele kidogo ulanga mweupe, kisha zile zenye bati, koltani na lithiamu, na mbali kabisa mishipa ya kwatzi yenye kasiteriti. Wachimbaji wa kusini mwa China, nchi inayotoa zaidi ya robo tatu ya tungsteni ya dunia, husema mishipa yao ni nyumba ya ghorofa tano: juu kabisa ni nyuzi nyembamba kama unywele, na kadiri unavyoshuka mishipa hunenepa hadi kuikaribia graniti. Nyuzi zile za juu ambazo mgeni angezikanyaga na kupita, wao husoma ndani yake ghorofa zilizo chini.

La tatu ni pingamizi la wataalamu, nalo linagusa kiini cha hoja yangu. Wanasema uwiano unadanganya. Zipo graniti zenye rubidiamu nyingi na strontiamu kidogo ambazo hazina hata mshipa mmoja wa maana. Nakubali. Dalili ya mvua ni mawingu, na yapo mawingu yanayopita bila tone: graniti huweza kulelewa vizuri kisha maji yake yakatawanyika bila kupata ufa wa kuyakusanya. Kinachosemwa na kemia ni kwamba pasipo mawingu mvua haiji. Graniti yenye strontiamu tele na sumaku tele unaweza kuiacha bila majuto, na kujua pa kutochimba ni nusu ya faida. Lakini pingamizi hili lina upande mwingine unaotuhusu sisi zaidi kuliko watu wa Ulaya. Katika nchi zetu za mvua na joto, mwamba huoza hadi makumi ya mita, feldispa hugeuka udongo, na strontiamu iliyokuwamo huoshwa. Sampuli ya mwamba uliooza itaonyesha upungufu wa uongo, na graniti tasa itajifanya mama. Kwa hiyo kanuni zilizotungwa kwenye nchi za baridi haziwezi kubebwa nzima nzima mpaka Kagera au Maniema. Hapa inafaa kutegemea vile visivyooza haraka: zirkoniamu na hafniamu ndani ya punje za zirkoni, niobiamu na tantalamu ndani ya koltani, potasiamu na rubidiamu ndani ya ulanga mweupe. Punje ya zirkoni hubaki na kumbukumbu ya magma hata mwamba uliokuwa nyumba yake umeshakuwa tope la kufyatulia matofali.

Pingamizi la mwisho husemwa kwa unyenyekevu, na ndilo linalostahili jibu la heshima zaidi. Mchimbaji mdogo anasema: haya ya gramu na uwiano ni ya maabara, bati letu karibu lote limepatikana kwa karai na maji. Ni kweli. Kasiteriti ina uzito wa karibu mara saba ya maji, mchanga hutoka nayo hubaki chini ya karai, na kwa njia hiyo mabonde mengi ya mkanda huu yaligunduliwa. Lakini karai huona kilichokwisha kuachana na mwamba. Bati la mtoni na la mteremkoni, lililooshwa na mvua za miaka maelfu kwa maelfu, ndilo lililochimbwa kwanza, na kilichobaki kiko ndani ya mwamba mgumu, ambako kila mita ya duara hugharimu fedha na wakati mwingine uhai wa mtu. Zaidi ya hayo, karai huona kizito tu. Manono ilichimbwa bati kwa miongo mingi ya karne ya 20, na marudio yake, yaani mchanga uliobaki baada ya kuosha, yakarundikwa yakawa vilima. Ndani ya pegmatiti iliyotoa bati hilo na ndani ya vilima vile mlikuwa na lithiamu, ambayo leo makampuni makubwa ya dunia yanaigombania kwa ajili ya betri za magari. Kemia ingesema tangu mwanzo: magma iliyochujwa hata ikatoa bati na koltani ni ileile inayorundika lithiamu, kwa kuwa zote ni abiria waliokataliwa na fuwele zilezile. Lakini lithiamu ni nyepesi, karai huitupa.

Kutokana na hayo naona wajibu ulio wazi. Kuisoma kemia ya graniti ni kazi ya umma kabla haijawa biashara ya mtu. Kuna kifaa cha eksirei cha kushika mkononi ambacho kwa dakika moja au mbili hupima rubidiamu, strontiamu, zirkoniamu na niobiamu kwenye kipande cha mwamba palepale mlimani. Lithiamu hakiioni kwa kuwa ni nyepesi mno, na tantalamu kidogo huhitaji maabara, lakini kwa kuchuja milima ya kuacha kinatosha. Tanzania ina Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, makao yake Dodoma. Jirani zetu nao wana idara za namna hiyo. Sehemu kubwa ya ramani na sampuli zilizokusanywa Kongo, Rwanda na Burundi wakati wa ukoloni imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Taarifa hizo zikiunganishwa na vipimo vipya, na matokeo yakaandikwa kwa lugha ambayo mchimbaji wa Kyerwa na wa Walikale wote wanaisoma, serikali itakaa mezani na mwekezaji ikijua inauza nini, na ushirika wa wachimbaji utajua duara lipi halifai kupoteza mtu. Kemia hiyohiyo huweza hata kutetea haki ya mwenye madini. Wataalamu wa taasisi ya jiolojia ya Ujerumani wameonyesha kwamba koltani ya kila mgodi hubeba alama zake kama alama za vidole, na Mkutano wa Kimataifa wa Kanda ya Maziwa Makuu umeikubali mbinu hiyo kuwa mojawapo ya njia za kuthibitisha mzigo ulikotoka. Katika kanda ambayo damu imemwagika kwa ajili ya mawe haya, huo ni msaada mkubwa.

Wasikilizaji, kesho kutwa mtu atasimama mahali fulani kati ya Manono na Kyerwa, mbele ya jiwe jeupe lenye ulanga, na atataka kujua kama achimbe. Akiuliza tu kama lina bati, jiwe halitamwambia la kutosha. Aulize limepoteza nini: strontiamu iko wapi, sumaku yake iko wapi, zirkoniamu imebaki kiasi gani. Kisha ainue macho atazame juu yake kama paa bado lipo, au lilikwisha kwenda na mto. Majibu ya maswali hayo yameandikwa humo tangu miaka milioni 986 iliyopita, na nchi zetu zina watu wenye akili ya kuyasoma. Kilichobaki ni kuwapa vifaa, kuwalipa, na kuwasikiliza kabla ya leseni kutiwa saini.